Kauli, simbi na deni: uchambuzi wa kisa cha kubuni uchawi na hadithi ya mchezo wa kuigiza

Usuli

Kisa hiki kinahusu watu wanne wa mji mmoja wa pwani ya Afrika Mashariki walioamua kutunga mchezo wa kuigiza wa mezani kwa Kiswahili, wenye uchawi ndani yake. Majina yao, mji wao na jina la mchezo vimeondolewa. Kanuni, hesabu na makosa vimeachwa kama vilivyokuwa, maana humo ndimo mlimo na la kujifunza.

Kwa asiyeuzoea mchezo wa namna hii: mtu mmoja huwa msimulizi, wengine watatu hadi watano huwa wachezaji, na kila mchezaji ana mhusika wake aliyeandikwa kwenye karatasi. Msimulizi anaeleza hali, mchezaji anasema mhusika wake anafanya nini, na pale isipojulikana jambo litaishaje, dadu hurushwa. Kikao huchukua saa tatu au nne. Hadithi moja huenda vikao kadhaa.

Kundi lilikuwa na mtunzi wa hadithi, mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, mchoraji na mtu wa hesabu. Wote walikuwa wamecheza Dungeons & Dragons, mchezo uliotoka Marekani mwaka 1974, ambamo mchawi ana idadi maalumu ya uchawi kwa siku na huupata tena akipumzika. Waliingia kazini na mazoea hayo, nayo yaliwagharimu.

Mahali pa hadithi ni kisiwa cha kubuni kilichofuatishiwa miji ya mawe kama Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ya karne ya 14 na 15. Kilwa ya siku zile msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, aliifikia mwaka 1331. Wareno waliivamia 1505. Kundi lilijiweka kabla ya Wareno kwa makusudi, ili bunduki zisiingie mchezoni na ili hadithi isigeuke kuwa ya mgeni na mwenyeji.

Toleo la kwanza na lilipovunjikia

Toleo la kwanza lilikuwa na uchawi 48 katika ngazi sita. Mchawi alianza siku na nguvu 12. Uchawi wa ngazi ya kwanza ulikula nguvu 1, wa ngazi ya sita ulikula 6, na akilala usiku mmoja zote zinarudi. Maelezo ya uchawi peke yake yalijaza kurasa 31.

Hadithi ilikuwa na sura tisa zilizofuatana kama shanga: siwa ya mji (baragumu kubwa ya utawala) imeibwa, mtawala mpya hawezi kutawazwa mpaka siwa ipigwe, wachezaji wanamsaka mwizi, wanapenya mikokoni, wanafika pangoni, wanapigana. Siwa si kitu cha kubuni. Pate ilikuwa na ya pembe ya ndovu na Lamu ya shaba, nazo zilikuwa alama za utawala, kwa hiyo wazo lilikuwa na mizizi. Tatizo lilikuwa kwingine.

Dakika ya ishirini ya kikao cha kwanza, mchezaji mmoja alitoa nguvu 3, akapiga ramli, akauliza: "Nani kaiba siwa?" Kanuni ilisema ramli hujibu kweli. Msimulizi akajibu kweli, na sura nne zikafia hapo.

Kikao cha pili, safari ya mikokoni iliyoandikiwa mamba, matope na kupotea njia ilirukwa kwa ungo. Aliyekulia pwani anajua wachawi husafiri kwa ungo, kwa hiyo ungo haukukosekana kwenye orodha ya 48. Hakuna aliyejiuliza utaifanya nini sura ya tano.

Kikao cha tatu kilikuwa cha mapigano. Wachawi wawili walimaliza nguvu zao zote katika mizunguko miwili, wapiganaji wa mikuki wakabaki kuangalia, kisha mmoja akasema, "Tulale, nguvu zirudi." Kijiji kilichokuwa kinaungua kikaendelea kuungua palepale kilipokuwa, kikiwangoja waamke.

Kulikuwa na kosa jingine dogo ambalo mchoraji ndiye aliyeligundua alipochora ramani. "Moto wa radi" ulienea mita 6 kila upande. Lakini vyumba vya nyumba za mawe za pwani ni vyembamba, upana wa mita 2.5 hadi 3 hivi, kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko na boriti haivuki zaidi ya hapo bila kupinda. Moto wa mita 6 ndani ya chumba kile unamuunguza aliyeuwasha kwanza. Vipimo vya mita vikafutwa. Vikawekwa vitatu tu: *mkononi*, *chumbani*, na *sauti ifikapo*.

Neno uchawi, na vilivyokatazwa

Kabla ya kugusa namba tena, kundi lilikaa na suala la maneno. Katika toleo la kwanza mhusika aliitwa "mchawi". Kwa Kiswahili mchawi ni mtu wa kudhuru. Anayetibu ni mganga. Wachezaji watatu kati ya watano wa majaribio waliopewa mchawi waliwacheza kama wauaji, na wa nne alikataa karatasi hiyo katakata. Tafsiri ya neno la kigeni ilikuwa imebeba tabia ya mhusika bila kukusudiwa.

Liko pia jambo zito zaidi. Katika nchi zetu tuhuma za uchawi zimeua vikongwe, na imani za ushirikina zimewaletea watu wenye ualbino mashambulizi na vifo. Kenya na Tanzania zote zilirithi sheria za uchawi kutoka ukoloni. Mchezo hauwezi kujifanya haulijui hilo. Kundi liliweka makatazo manne, yakaandikwa ukurasa wa pili wa kitabu: hakuna kiungo cha binadamu kinachotumika kama dawa, hakuna aya wala dua ya dini yoyote ndani ya kanuni, hakuna jina la jini au pepo anayetajwa kweli katika vilinge vya watu, na hakuna mhusika anayeweza kuthibitishwa kuwa mchawi kwa sura, umri au maumbile yake. Katazo la nne ndilo lililobana kuliko yote, kwa kuwa liliwanyima wasimulizi wavivu yule bibi kizee wa pembezoni mwa kijiji.

Mhusika akaitwa *mkopaji*. Mantiki ya jina hilo inakuja.

Toleo la pili: bamvua na maji mafu

Wazo la kuifunga nguvu na bahari lilitoka kwa mtunzi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu maji hujaa na kupwa kwa nguvu, ndiyo bamvua; katikati yake ni maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo. Kundi liliugawa mwezi wa mchezo vipindi vinne vya siku saba, jumla siku 28. Mwezi wa kweli ni siku 29.5, na mvuvi mmoja aliyeshiriki majaribio alisisitiza kwamba maji makubwa kabisa huja siku moja au mbili baada ya mwezi wenyewe. Ana haki, ila siku saba kwa saba msimulizi anazikumbuka bila kalenda, na zikabaki.

Kila jaribio la uchawi lilikuwa dadu mbili za pande sita, ufikishe 8. Bamvua iliongeza 2, maji mafu yalipunguza 2. Hesabu yake ni hii: kupata 8 au zaidi kwa dadu mbili ni nafasi 15 kati ya 36, asilimia 41.7. Ukiongezewa 2 unahitaji 6 tu, nafasi 26, asilimia 72.2. Ukipunguziwa 2 unahitaji 10, nafasi 6, asilimia 16.7. Yaani uchawi uleule unafaulu mara nne zaidi ukingoja wiki moja.

Wachezaji walifanya ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya: walingoja. Katika jaribio moja, siku 11 kati ya 20 za hadithi zilipita watu wakiwa wamekaa barazani wakisubiri mwezi. Tatizo la "tulale" lilikuwa limerudi, limevaa kanzu mpya tu.

Mtu wa hesabu alitaka kupunguza tofauti iwe 1 na 1, nayo ilisaidia (asilimia 58.3 dhidi ya 27.8). Lakini lililobadilisha mchezo ni kuacha kuichukulia bamvua kama neema. Bamvua hubomoa pia. Kanuni ikawa: wakati wa bamvua ongeza 1, lakini dadu mbili zikilingana uchawi *unafurika*, unashika kila kitu cha jinsi hiyo sauti ifikapo. Dadu kulingana ni nafasi 6 kati ya 36, moja kwa sita. Si ya kuogofya, si ya kupuuza. Wakati wa maji mafu punguza 1, lakini uchawi haufuriki kamwe na hakuna anayeusikia. Sasa mwizi anataka maji mafu na mpiganaji anataka bamvua, na wote wawili wako kundi moja. Wakaanza kubishana badala ya kungoja.

Kauli badala ya orodha

Orodha ya 48 iliuawa na mwalimu. Hoja yake ilikuwa kwamba Kiswahili tayari kina mtambo wa kuzalisha maneno, na kila aliyepita shule anaufahamu: mnyambuliko wa vitenzi. Vikachaguliwa vitenzi vinane: *funga, ficha, ita, ona, fuma, tega, ziba, kunja*. Juu yake kauli nne: kutendua, kutendea, kutendana na kutendesha.

Mkopaji hachagui uchawi kutoka kitabuni, anatamka neno. *Funga* mlango. *Fungia*, mfungie mtu mlango. *Fungana*, mwizi na gunia vishikamane. *Tegua* mtego, *zibua* kisima, *kunjua* barua iliyochomwa. Kitenzi chenyewe ni bei 1, kila kauli inayoongezwa ni bei 1 zaidi, na mwisho ni 3. *Fungiana* ni tatu.

Vitenzi vinane na kauli nne vinatoa maneno 38 ya kauli isiyozidi moja, si 40. Ita na ona havina kutendua. Ukishaita, mwito haurudi. Ukishaona, huwezi kutoona. Kundi halikupanga hivyo, lugha ndiyo iliyokataa, nalo likaliacha. Ndiyo kanuni nzuri kuliko zote kitabuni na haikuandikwa na mtu.

Lugha ilileta ugomvi pia. Mchezaji alitamka *onea* akimaanisha "kuona kwa niaba ya mwenzangu". Mwenzake akamwambia, "Kuonea ni kudhulumu, bwana." Dakika kumi zikaenda. Kanuni iliyotokana na ugomvi huo ni kwamba neno likiwa na maana yake kwenye kamusi, maana hiyo ndiyo inayotawala. Kwa hiyo *onea* humfanya unayemlenga adhulumiwe na wa karibu yake, na *itisha* huitisha watu baraza, wanakuja hata kama hawataki. Mchezaji mwingine alijenga *fuma* na kauli mbili akapata *fumania*, akalitumia usiku kwenye nyumba ya mshukiwa. Meza nzima ilicheka, kisha msimulizi ikambidi afikirie haraka mshukiwa alikuwa anafanya nini hasa wakati ule.

Simbi kwenye kifuu

Bado bei ilikuwa namba kwenye karatasi, na namba hazimuumi mtu. Ndipo lilipoingia wazo la mkopo: nguvu si ya mkopaji, ni ya Wenye Maji, na kila neno linakopwa. Dawa ya deni kulipa.

Kwanza deni lilihesabiwa kwa mafundo. Kila mchezaji alipewa kamba ya makumbi, anafunga fundo moja kwa kila bei moja, anafungua akilipa. Mezani ilipendeza sana, mpaka wachezaji wawili walipoweka kamba chini. Anayeijua Suratul Falaq anajua wanaotajwa pale kwa kupulizia mafundoni. Kundi la watu wa pwani lilipaswa kuliona hilo mapema. Kamba zikaondolewa siku hiyohiyo.

Zikaja kauri, makombe madogo ya baharini, ndani ya kifuu cha nazi. Hapo nako kukawa na kichekesho: "kauli moja, kauri mbili" halisikiki vizuri mezani, na kwa wachezaji ambao *l* na *r* kwao ni ndugu, halisikiki kabisa. Zikaitwa simbi, kama zilivyoitwa zilipokuwa fedha.

Kanuni ya mwisho ilikuwa fupi. Ukitamka neno, tia simbi za bei yake kifuuni kabla ya kurusha dadu. Jumla ikiwa 6 au chini, halikushika na deni limebaki. 7 hadi 9, limeshika na msimulizi anaongeza ugumu mmoja. 10 na zaidi, limeshika safi. Bila nyongeza yoyote hiyo ni asilimia 41.7, 41.7 na 16.7. Kulipa simbi moja ni siku moja ya kazi ufukweni bila kutamka neno. Kila maji mafu yakiingia, simbi tatu zilizobaki zinachukua *rehani* moja. Ukifika simbi saba, inachukuliwa papo hapo. Mkopaji huandika rehani tano mwanzoni mwa mchezo: jina la utani, harufu ya nyumbani, rafiki fulani, wimbo, jina lenyewe. Ikichukuliwa, anaikata kwenye karatasi kwa wino, na tangu hapo hakuna anayeikumbuka, hata yeye.

Simbi inapoangukia kifuu inalia. Mchezaji aliyekuwa anachezea simu yake huinua kichwa. Toleo la kwanza halikuwa na kanuni hata moja iliyofanya hivyo.

Hadithi kuandikwa upya

Baada ya simbi kufanya kazi, swali la mchezaji mmoja liliivunja hadithi ya zamani moja kwa moja: "Sisi tunalipa. Huyu mwizi wa siwa mbona halipi?" Adui aliandikiwa uchawi mkubwa bila deni, kwa kuwa aliandikwa kabla ya deni kubuniwa.

Kundi lilikaa na swali hilo wiki mbili, na jibu likawa hadithi yenyewe. Adui ni mpiga siwa wa mji. Kwa miaka mingi amekuwa akikopa ili mchanga usizibe mlango wa bandari, majahazi ya kaskazi yaendelee kuingia na mji uendelee kula. Rehani zake tano zimekwisha zamani. Kwa hiyo anaweka rehani za watu wengine: majina yao. Siwa haikuibwa, aliitupa baharini kama malipo, na haikutosha.

Mandhari ya kwanza ya toleo jipya haina maiti wala moto. Wachezaji wanaombwa kuchukua deni la samaki kwenye nyumba moja mtaani. Daka limefagiwa, chungu kiko mekoni bado kinafuka, vitanda vitatu vimetandikwa. Jirani anaapa kwamba nyumba hiyo haijawahi kukaliwa na mtu. Huku anasema hivyo, kavaa kanga ambayo nusu yake, doti ileile, imeanikwa uani kwenye nyumba "tupu".

Tazama kilichotokea kwa tatizo la ramli. *Ona* haikuhitaji kuwekewa vizuizi. Mkopaji akiuliza nani aliishi hapa, hakuna jina la kuonyeshwa, limeliwa. Anaonyeshwa mahali, vitu, mikono. Na hata akimjua mpiga siwa kikao cha pili, kumjua hakutatui kitu, kwa sababu akiuawa deni linaangukia mji na mlango wa bandari unaziba.

Sura tisa zilifutwa. Badala yake kuna pande tatu, nazo ni mafundi wa mitepe (vyombo vya kale vya baharini), wenye nyumba za mawe, na wageni wa kaskazi wanaosubiri pepo za kusi warudi kwao, na kila upande una unachotaka. Kuna pia mstari wa kokoto sita mezani. Kila siku saba, au kila mchezaji anapotumia siku kulipa simbi na siku hizo zikatimia saba, kokoto moja inaondolewa na jina jingine linapotea. Wachezaji wanachagua nani hawamfikii kwa wakati. Ungo uliondolewa kabisa, hakuna aliyeuulizia.

Matokeo

Toleo hili lilichezwa na makundi matatu tofauti hadi mwisho. La kwanza lilitamka *zibua*, likaachia mlango wa bandari, majina yakarudi na biashara ikafa. La pili lililipa kwa rehani zake lenyewe. Wahusika wawili walimaliza hadithi bila majina, na wenzao waliwaita "wewe" hadi kikao kikaisha. La tatu lilichukua deni na siwa, likawa mpiga siwa mpya, jambo ambalo kitabu hakikuliandalia ukurasa hata mmoja.

Kitabu kilitoka kurasa 56, uchawi wote ukiwa kurasa nne.

Tukio moja linafaa kuelezwa kwa kirefu. Kipindi cha bamvua, mkopaji wa kundi la pili alitaka kufumua kamba iliyomfunga mateka gatini. *Fumua*, simbi mbili. Dadu zikaja 4 na 4. Pamoja na nyongeza ya mkopaji mwenyewe, 1, na ya bamvua, 1, ni 10, limeshika safi. Lakini dadu zimelingana, neno limefurika. Msimulizi akauliza taratibu, "Mitepe inashonwa kwa nini?" Mbao za mtepe hushonwa kwa kamba za nazi, hauna misumari. Mitepe mitatu iliyokuwa gatini ikaachana mbao kwa mbao mbele ya mafundi walioishona. Vikao viwili vilivyofuata vilihusu jambo hilo tu, na vilikuwa bora kuliko chochote kilichokuwa kimeandikwa.

Uchambuzi

Kilichofaa zaidi ni kwamba bei ya uchawi na saa ya hadithi vilifanywa kitu kimoja. Kulipa kunakula siku, siku zinamnufaisha adui, na adui yuko pale kwa sababu ya deni lilelile. Katika toleo la kwanza mambo hayo matatu yalikuwa kurasa tatu tofauti yaliyoandikwa na watu watatu. Anayebuni mfumo wake anaweza kuupima kwa swali moja kabla ya kuandika chochote: wachezaji wakikaa wiki nzima bila kufanya kitu, nani anaumia? Jibu likiwa "hakuna", nguvu inayorudi kwa kupumzika itaua hadithi yoyote utakayoiweka juu yake, hata uipunguze namba vipi.

La pili ni kumlipisha adui kwa kanuni za wachezaji. Si suala la haki tu. Ukimlipisha utalazimika kujua amelipa nini, lini, na nani aliyeumia, na majibu hayo ndiyo vidokezo vya upelelezi. Mtunzi alikuwa ametumia miezi kutafuta fumbo. Kanuni zilimpa kwa wiki mbili.

Yaliyogoma nayo si machache. Woga wa deni ndio mkubwa: katika kundi la tatu mkopaji mmoja alitamka maneno matatu tu katika hadithi nzima, akikumbatia kifuu kitupu kama yai. Dawa iliyowekwa ni kwamba neno la kwanza la kila kipindi cha siku saba linapunguziwa simbi moja. Ilisaidia nusu. Huenda kikomo cha simbi saba ni kidogo na tisa ingefaa zaidi, lakini tisa haikujaribiwa.

Kokoto mwanzoni zilifichwa nyuma ya karatasi za msimulizi, na zikiwa zimefichwa hazikuwa na kazi. Zilipowekwa katikati ya meza ndipo wachezaji walipoanza kuhesabu siku. Ugomvi wa kamusi nao ulihitaji kikomo: msimulizi anaamua ndani ya dakika moja, kamusi inafunguliwa baada ya kikao, na uamuzi wa nyuma haubadilishwi. Wachezaji wa bara hawakulijua neno bamvua. Mchoro mmoja wa mwezi na maji uliwatosha, kurasa mbili za maelezo zilikuwa zimewachosha.

Rehani zilileta ajali moja. Mchezaji aliyefiwa karibuni aliandika "sauti ya mama" miongoni mwa zake, na msimulizi, asijue, aliichagua ikachukuliwa. Kikao kilisimama. Tangu hapo mchezaji mwenyewe ndiye anayechagua rehani ipi inaondoka, na kikao cha kwanza kabisa hakina dadu: watu wanakaa, wanakubaliana yapi hayaguswi, ndipo karatasi zinajazwa.

Wapiganaji na mabaharia wasiokopa walibaki wanyonge hadi karibu na mwisho, ilipoingizwa kanuni ya mdhamini: mhusika yeyote anaweza kupokea simbi za mkopaji kwenye kifuu chake, naye anakuwa na rehani zake. Deni likawa la watu na si la mtu, na wasiokopa wakapata kauli (ile nyingine) juu ya lini neno litamkwe.

Pengo la mwisho lilionekana katika kundi lililokuwa na mdhamini. Mkopaji alikufa akiwa na simbi tano kifuuni, na kitabu hakikusema zinakwenda wapi. Msimulizi alitaka kuzifuta. Wachezaji walikataa wenyewe: marehemu hulipiwa deni kwanza, ndipo mirathi inagawanywa. Wakazigawana, mbili kwa mbili na moja kwa mdhamini, kila mtu akatia zake kifuuni mwake, kisha ndipo wakagusa panga na viatu vya marehemu. Kanuni hiyo sasa iko ukurasa wa 19, maneno yaleyale waliyoyasema mezani.